Jamu ya Kasilda kwenye Friza ya Dorice

Kasilda alipofunua friza ya dukani kwa Dorice Jumamosi ile mchana, alikuta migebuka, alikuta maji ya chupa, alikuta barafu za ubuyu zimelala kwenye vifuko vyake kama kawaida. Jamu yake haikuwepo. Akainua samaki mmoja mmoja, akarudisha, akainua tena, na mkono ulipoanza kufa ganzi ndipo moyo ulipoanza kuchemka.

Jamu yenyewe si ya dukani. Kaka yake alimletea stroberi kwa basi la Sumbawanga, ndoo nzima, nusu zimepondeka njiani. Mwingine angetupa. Kasilda akazichambua, akang'oa vikonyo, akaziponda kwa mwiko, akatia sukari bila huruma na maji ya limao, akakoroga mpaka sukari ikapotea. Motoni hakuipeleka. Ndivyo alivyojifunza alipokuwa mpishi kwa masista: jamu ya namna hii haichemshwi, inatiwa kwenye baridi, ikabaki na ladha ya tunda lenyewe. Chupa hakuwa nazo, akaijaza kwenye vifuko vile vyembamba virefu vya barafu, akafunga mafundo, akampelekea Dorice, maana nusu ya Majengo inahifadhi vitu vyake kwenye friza ile.

Na yote hayo kwa ajili ya Romana, dada wa mumewe, wifi yake wa mtaa wa pili. Wiki iliyopita, jumuiya ya kanisani ikisali nyumbani kwa Romana, alisema mbele ya kina mama wote kwamba jamu isiyopikwa ni matapishi ya mtoto. Watu walicheka mpaka chai ikawapalia. Kasilda hakucheka. Aliwaambia Jumamosi zamu ni yake, waje, watalamba vidole.

Sasa Jumamosi ndiyo hii. Mkate uko kwenye sufuria, makaa chini, makaa juu ya mfuniko, unanukia hadi barabarani. Dorice kaenda msibani Kibaoni, dukani kabaki mumewe, Enoka, sikio kwenye redio ya mpira.

Kasilda alipomuuliza vifuko vyake viko wapi, Enoka alimjibu kwa upole kwamba zile nyekundu zimeisha tangu asubuhi. Watu walizigombania, akasema, ingawa hazikuganda vizuri, na atamwambia Dorice atengeneze nyingine.

"Shemeji, umewauzia watu jamu yangu."

"Iko kwenye friza, iko kwenye kifuko. Mimi ningejuaje siyo barafu?"

Kasilda akamuuliza ni mtu mzima gani anauza kitu asichokijua, kwamba hata kuonja hakuonja? Enoka akakiri ameonja, tena zaidi ya moja. Kisha, bila aibu, akamwambia abebe za ubuyu badala yake, kwani nazo si nyekundu? Kasilda alitoka pale bila kuaga, kanga imemwanguka bega moja, wala hakuirudisha.

Jioni kina mama wakajaa sebuleni, wakasali, wakaimba. Mkate ukakatwa ukiwa bado unatoa moshi. Romana, ambaye hawezi kukaa na habari tumboni, akaanza kuwasimulia barafu mpya za Dorice. Hajawahi kula kitu kama kile. Amekula, akarudi kumnunulia na mama mkwe.

"Zina vijimbegu vidogo vidogo?" Kasilda akauliza, kisu mkononi.

"Eeh. Na limao kwa mbali."

"Basi hayo ndiyo matapishi ya mtoto, wifi. Ni jamu yangu, shemeji Enoka kaiuza."

Mtu mmoja nyuma akacheka puani. Romana akaangalia kipande chake cha mkate, kikavu, akakigeuza upande wa pili kana kwamba huko pana kitu.

"Si ungetuambia mapema, tungebakiza."

"Kula mkate, wifi. Jamu ulishatangulia kula."

Wakala mkate na chai, na Romana akala chake chote. Kasilda naye akauma kipande chake, akatafuna taratibu, na hasira ikampanda upya: Majengo nzima wamelamba, hadi mama mkwe wa watu, na yeye mwenyewe hajaionja na mkate.