Kocha Aliyekalia Mikono

Ligi ya besiboli ya Unguja ilikuwa na timu nne, na Mwalimu Mbarouk alikwisha kufukuzwa na tatu. Alianzia kwao Kikwajuni, akahamia Mtoni, kisha Mwanakwerekwe, na sasa alikuwa Makunduchi, kusini kabisa, ambako kina mama walioletwa na udadisi uwanjani waliuita mchezo wenyewe rede ya wanaume, kana kwamba ule mchezo wa wasichana wa kukwepa mpira umehamia kwao. Ligi ilikuwa ya wenyewe. Haikuwa chini ya chama chochote, haikuwa na ofisi wala mhuri, na kocha akiachishwa hakuwa na pa kulalamikia ila kwa mkewe.

Kufukuzwa kwenyewe hakukuwa na ukali. Wajumbe wa kamati walikuja nyumbani, wakakaribishwa chai, wakamsifu Mbarouk kwa uvumilivu wake na malezi ya wanawe, na kikombe cha pili kilipokwisha mmoja wao akasema, "Tunakushukuru sana, Mwalimu." Basi, kazi imekwisha. Mkewe, Bi Mwanakheir, alikuwa akijua mapema. Mjumbe mmoja akibisha hodi, alisema, huyo friji yake imeharibika, kwa kuwa Mbarouk alikuwa fundi wa mafriji. Wakija watatu wamevaa kanzu, huna timu.

Makunduchi mambo yalikuwa mengine. Mwenyekiti wa kamati yao, Bi Salhiya, aliyelima mwani na kuutengeneza sabuni, ndiye aliyewanunulia vijana jezi, na kuzungukazunguka hakukujua. Wiki ya fainali alimwita kocha pembeni.

"Mwalimu, mimi nakwambia mapema ili tusije kulaumiana. Kombe likija, unabaki nasi. Lisipokuja, kila mtu na njia yake."

"Nimekufahamu, Bi Salhiya."

Alimfahamu vizuri mno. Timu ya tano haikuwapo. Mafriji yalimlisha, hilo halina ubishi, lakini hakuna friji iliyowahi kumfanya aamke alfajiri na furaha. Besiboli ilimfanya hivyo tangu ndevu zake nyeusi mpaka zimeota mvi, na aliogopa kuikosa kama mtu anavyoogopa maradhi.

Shida yake ilikuwa mikono. Katika mchezo huu mmoja hurusha mpira, mwingine huupiga kwa gongo, kisha mpigaji hukimbia kuvizunguka vituo vitatu mpaka arudi pale alipoanzia, panapoitwa nyumbani. Akifika salama, timu yake imepata pointi. Kocha hakai akipiga kelele. Anakaa benchi na kuwaongoza wachezaji kwa ishara. Mbarouk akigusa sikio, kimbia. Akigusa kofia, usiupige mpira kwa nguvu, uguse tu uanguke karibu. Akishika ndevu, kaa ulipo, usiondoke hata kama nyumba inaungua.

Ishara hizo aliwafundisha Kikwajuni. Akawafundisha Mtoni. Akawafundisha Mwanakwerekwe. Mtu akiisha kuzifundisha timu zote za ligi lugha moja, ile si siri tena, ni adhana. Alipofika Makunduchi alijaribu kuzibadilisha, akaamua goti liwe kimbia na kiwiko kiwe kaa. Haikufaa. Mchezo ukipamba moto mikono yake ilirudi yenyewe sikioni na ndevuni, na vijana wakabaki wameduwaa katikati ya njia, wakatolewa mmoja mmoja. Wakazirudia za zamani na kumwachia Mungu.

Fainali ilichezwa Mtoni, na mpinzani alikuwa Mtoni. Kocha wao, Yussuf, alikuwa mwanafunzi wa Mbarouk, na kabla ya mchezo alivuka uwanja mzima kuja kumpa mkono.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Hujambo, mwanangu?"

"Sijambo, alhamdulillahi. Mwalimu, leo utuonee huruma."

Alisema kwa heshima zote, akarudi kwenye benchi lake, akaanza kumchinja. Mbarouk aligusa sikio, na mpira wa Mtoni ukafika kituoni kabla ya mkimbiaji. Aligusa kofia, na vijana wa Mtoni wakasogea karibu kuusubiri. Mara moja alijikuna sikio kwa sababu ya mbu, akapoteza mchezaji. Nusu ya kwanza ya mchezo ilipokwisha Mtoni walikuwa na pointi nne, Makunduchi hawana kitu. Bi Salhiya, aliyekaa na wenzake upande wa pili, alikuwa ameacha kupiga makofi.

Hapo ndipo Usi, nahodha wa Makunduchi, alipokuja kuchutama mbele ya kocha. Usi alikuwa mvuvi, kijana asiye na maneno mengi, na katika misimu yote miwili hakuwahi kukaidi ishara hata moja.

"Mwalimu, usinielewe vibaya. Wanakusoma."

"Najua wananisoma."

"Nnakuomba uikalie."

"Niikalie nini?"

"Mikono, Mwalimu."

Mbarouk alimtazama. Angeweza kukasirika, na kidogo alikasirika kweli. Lakini pointi nne zilikuwa pale ubaoni, na Bi Salhiya alikuwa pale ng'ambo. Akaingiza mikono chini ya mapaja, akaikalia.

Yalikuwa mateso. Mikono ilimwasha, ikamvuta, ikataka kutoka kwa kila mpira uliorushwa. Wakati huohuo Mtoni walikuwa wakimtazama yeye, wakaona mzee amekaa kimya kama yuko khitmani, wakachanganyikiwa. Yussuf alisimama mara kadhaa kumchungulia. Na vijana wa Makunduchi wakaanza kukimbia walipoona inafaa, wakakaa walipoona inafaa. Wakapata pointi moja, kisha mbili, na kufikia zamu yao ya mwisho ya kupiga, Mtoni wakiwa wamekwisha kumaliza zao, timu zilikuwa sawa. Usi alikuwa kituo cha tatu. Kosa moja tu, na zamu imekwisha.

Sasa, kama kulikuwa na jambo moja ambalo Mbarouk aliliamini maisha yake yote, ni hili: mtu aliyeko kituo cha tatu haondoki mpaka mpira upigwe, hata kama sheria inamruhusu. Alilisema katika timu nne. Akamwona Usi ananyemelea, hatua kwa hatua, huku mrushaji wa Mtoni, aliyechoka, ameinamisha kichwa na kuipangusa mikono yake. Mtoto huyu ataniua, Mbarouk akawaza. Usi akageuza uso, akamtazama kocha wake. Mbarouk akaamrisha mkono ukashike ndevu.

Mkono haukuja. Yote miwili ilikuwa imekufa ganzi, wa kulia na wa kushoto, mizito kama si yake.

Usi akatoka mbio. Mrushaji akainua kichwa amechelewa, akaurusha mpira juu ya vichwa vya watu wote, na Usi akaserereka kwa kifua mpaka nyumbani, vumbi likamfunika. Makunduchi ni mabingwa. Vigelegele vilivyopigwa pale, hata harusini huvisikii.

Bi Salhiya alikuja akikimbia, mtandio mkononi.

"Mwalimu! Nshasema, unabaki! Wewe ni wetu sasa, hutoki!"

"Zile mbio za mwisho ni zake," Usi alidakia, bado anahema. "Mwalimu ndiye aliyenifunza."

Ulikuwa uongo mtupu, uongo wa mtoto mwenye adabu anayemsitiri mzee wake mbele za watu. Mbarouk alikuwa na la kufanya moja tu, nalo ni kunyamaza. Kila alichokitaka kilikuwa kimewekwa mbele yake.

"Hapana," akasema. "Nilitaka kumzuia. Mikono ilikufa ganzi."

Bi Salhiya akaangua kicheko mpaka akashika mbavu, na wote wakamfuata. Mzee ana mzaha huyu! Wakambeba juu juu na kombe lake, wakampakia kwenye lori walilolikodi, kiti cha mbele, karibu na dereva. Alicheka nao, kwa kuwa asingeweza kufanya vingine. Moyoni ilimuuma, na kilichomuuma si kwamba alikosea. Kila kocha hukosea. Kilichomuuma ni kwamba mikono ingekuwa mizima, kijana angemtii, na Makunduchi ingekosa kombe.

Lori lilisimama Kikwajuni ili ateremke kwake. Usi aliruka kutoka nyuma, akaja kumfungulia mlango.

"Hukuwa ukitania, Mwalimu."

"Sikuwa nikitania."

"Nilikuona. Uso wako ulisema hapana. Nikangoja mkono."

"Na kama ungekuja?"

"Ningekaa," alisema Usi bila kufikiri.

Huko nyuma ya lori walikuwa wakiimba na kugonga mabati. Mbarouk aliishusha begi yake ya magongo, akaiweka miguuni mwa Usi badala ya kuitia begani.

"Mazoezi Jumanne," Usi alisema. "Tuanze saa ngapi?"

"Panga wewe. Mimi ntakuja kutazama."

Usi alifungua mdomo kukataa, kama inavyompasa kijana. Alimtazama mzee, akaitazama begi, akaufunga tena.

"Saa kumi na nusu, basi," akasema. "Tukishasali."