Mkono wa Popo

"Mama Theresia, nyuzi hizi ni za popo gani?" Mselemu aliuliza, ameshika fungu la nyuzi nyeupe mbele ya meza ya mwenyekiti.

"Popo wetu hao!" akadakia Antipasi, mwenyekiti wa kijiji, kabla mama wa watu hajafungua kinywa. "Wa majabali ya Mungaa. Si vile vijipopo vya Manyoni vinavyolala darini. Huku hata popo wanashiba!"

Watu waliojazana mlangoni wakacheka. Theresia akainamisha uso kwa furaha. Tangu wahamishiwe kijiji cha ujamaa, hakuna aliyewahi kumtaja mbele ya watu kwa jambo jema.

Mselemu, kijana mpole aliyetoka Dar es Salaam, alitaka kujua kama popo wa aina moja hutofautiana umbo kwa sababu ya mahali wanapoishi. Mwanzoni mwa kiangazi alimwachia Theresia kazi: akamate popo pangoni, apime mkono wa kila mmoja kwa uzi, aukate uzi, amwachie mnyama aende zake. "Mkono tu, mama," alisema. Theresia akaitikia. Kupima mkono nani wa kumfundisha? Miaka mingi alipima kaniki katika duka la Mzee Mrisho pale Mkiwa, kiwiko hadi ncha ya kidole, ingawa wateja walilalamika kwamba mkono wake mfupi unawapunja. "Atupimie Laurenti," walisema, wakimtaka muuzaji mwenzake mrefu. "Yule twiga."

Sasa Mselemu alitoa popo mkavu wa Manyoni, akamnyoosha bawa, akaweka uzi kwenye kiwiko. Akaishia kwenye kifundo cha mkono, pale vidole vinapoanzia.

Theresia aliona. Vile vidole virefu vinavyobeba bawa, yeye alivijumlisha kwenye kipimo.

"Hawa wamezidi mno," Mselemu alisema. "Au ni aina nyingine kabisa, mama?"

Hapo palikuwa na mwanya wa kutokea. Angesema ndiyo, yakaisha. Antipasi mwenyewe alishaanza kutikisa kichwa kukubali.

"Ni hao hao, mwanangu." Akalaza mkono wake mezani, akagusa kiwiko, kisha ncha ya kidole. "Mimi nimepima hivi. Kama kaniki."

Antipasi akajipiga paja. "Loo! Mama huyu kawakatia popo nguo!"

Kicheko kikalipuka hadi nje. Theresia alitamani ardhi ipasuke immeze. Mselemu hakucheka, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Alizitazama nyuzi za msimu mzima, akazisukuma kando, akauliza lori la Manyoni linaondoka saa ngapi.

Theresia alitoka bila kuaga. Njiani wasichana waliotoka kisimani walishapata habari. Walimnyooshea mikono, wakipimana kwa vicheko. Alipanda majabali, akaingia pangoni, akamchukua popo mmoja aliyelala.

"Nisamehe," alimwambia, akachomoa uzi kwenye ukingo wa khanga yake, akampima kiwiko hadi kifundo tu.

Aliporudi, lori lilikuwa linanguruma.

"Mwanangu, ngoja."

Alifungua kiganja. Uzi ulikuwa mfupi, umelowa jasho. Mselemu aliutazama, akateremka, akatoa uzi aliompimia popo wa Manyoni, akazilaza nyuzi mbili sambamba juu ya boneti. Antipasi naye akasogea, akachungulia.

Theresia hakuangalia nyuzi. Aliificha mikono yake ndani ya khanga, akatazama vidole vya Mselemu vikiuvuta uzi wake taratibu, unyooke.