Miche ya Julai

Nestori alikata mijohoro sita ya zahanati yetu ili kibao kionekane. Nalisema hili mapema kwa sababu baadaye alitaja mizizi, nyoka na usalama wa jengo, na yote hayo ni uongo. Nilikuwepo aliposimama ng'ambo ya barabara na simu yake, akalipiga picha jengo jipya la kliniki, akaikuza picha kwa vidole viwili, kisha akalalamika kwamba maandishi hayasomeki.

Na alikuwa afisa mazingira.

Mimi ni Ghati, muuguzi, nililetwa Kasulu kutoka Tarime miaka tisa iliyopita. Siku ya kliniki ya watoto tunapokea akina mama themanini, wengine wametembea toka upande wa Kabanga. Chumba cha kusubiri kina mabenchi manne na bati lisilo na dari. Ikifika saa tano mtoto mwenye homa hawezi kukaa mle. Kwa hiyo kliniki yetu ilikuwa nje, chini ya mijohoro. Hata mzani tuliuning'iniza kwenye tawi. Vumbi la barabarani liliishia kwenye majani, na watoto hawakukohoa ovyo.

Ng'ambo, bondeni kidogo, kuna kitalu cha Josepha, ambaye wote tunamwita Mama Nadine. Nestori alinichukua twende kuagiza miche. Tulimkuta ameketi chini ya miparachichi yake akijaza udongo kwenye viriba, vile vifuko vya plastiki vya kukuzia miche.

"Mama, nataka miashoki arobaini," Nestori alisema. "Mirefu, iliyonyooka."

"Ya lini?"

"Mgeni rasmi anakuja kuzindua jengo Julai, tarehe kumi na mbili."

Mama Nadine hakuinua macho. "Julai hakuna mvua."

"Tutamwagilia."

"Nani?"

"Hilo ni suala la ofisi, mama."

"Mwashoki hauna kivuli," alisema. "Umesimama tu, kama mtu anayekataa kusalimia. Mwenye mtoto atakaa wapi? Na ile mijohoro mnaipeleka wapi?"

Nestori alinigeukia akitabasamu, kana kwamba mimi na yeye tuna siri. "Hawa watu wa kambini," alisema, "kila kitu wanataka kutufundisha."

Mama Nadine aliletwa kutoka Burundi, mtoto wa wakimbizi, akiwa na miaka minne. Ni raia, ana kitambulisho sawa na changu, na miche iliyo katika nusu ya viwanja vya mji huu imetoka mikononi mwake. Alimtazama Nestori, kisha akanitazama mimi, akingoja. Nilikuwa na la kusema. Lakini mganga wetu mfawidhi alikuwa ametuagiza tushirikiane na afisa, nami nilitaka kuonekana mtu wa kushirikiana. Nikaangalia viatu vyangu.

"Reka," Mama Nadine alisema, yaani tuachane nayo. "Miashoki sina."

Nestori aliipata kwingine. Jumatatu ukaja msumeno wa mashine, na kufikia mchana mijohoro sita ilikuwa visiki na rundo la kuni. Kibao kilisomeka vizuri sana.

Siku ya sherehe wageni waliwekewa maturubai matatu na viti vya plastiki vilivyovishwa vitambaa. Akina mama waliambiwa wakae upande wa pili, penye jua, wapige makofi. Walifunika vichwa vya watoto kwa kanga. Nestori, katika suti nyeusi, alisoma karatasi yake: miti hupunguza joto mijini, miti huzuia vumbi na upepo, miti hushika udongo kwenye miteremko kama yetu. Kila neno lilikuwa kweli. Aliyasoma akiwa ameweka mguu mmoja juu ya kisiki, na sidhani kama aliona kitu chochote cha ajabu.

Kisha upepo wa Julai ukaja kutoka mlimani. Hapo awali ulikuwa unavunjwa na mijohoro. Sasa uliingia moja kwa moja, ukanyanyua turubai la katikati na kulilaza juu ya meza ya soda. Hakuumia mtu. Waheshimiwa walivuka barabara wakikimbia, wamefumba macho kwa vumbi, wakaingia kitaluni kwa Mama Nadine. Walikaa kwenye ndoo zilizopinduliwa. Yeye hakusimama.

"Kwako kuna hewa nzuri," mgeni rasmi alisema akijifuta uso.

"Ni miti," Mama Nadine alijibu.

"Na pale zahanati hapakuwa na miti?"

"Muulize sista. Yeye alikuwepo."

Wote walinitazama. Safari hii sikuangalia viatu. "Palikuwa na mijohoro sita," nilisema. "Ilikatwa wiki iliyopita ili kibao kionekane."

Nestori alicheka kidogo. Mgeni rasmi alisema lishughulikiwe, akamwomba msaidizi wake maji, akanywa, akapanda gari. Hilo ndilo neno lake la mwisho juu ya miti ya Kasulu.

Halikushughulikiwa. Hakuna aliyemwagilia, na kufikia katikati ya Agosti miashoki arobaini iliyopandwa kwa ajili ya sherehe ilikuwa fito kavu. Nestori aliandika kwenye taarifa kwamba hali ya miche inaridhisha. Mwezi wa tisa alihamishiwa Kibondo, kwenye kiti kikubwa zaidi. Nasikia huko ameanza na miti ya njia ya sokoni, na ameshapiga picha.

Mvua za Novemba ziliponyesha, tope la mteremko lilishuka mpaka mlangoni pa kliniki, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Lakini visiki vilichipua. Mjohoro haufi kirahisi. Mama Nadine alikuja na panga, akabakiza chipukizi moja kwa kila kisiki, akapanda mijohoro mingine kumi katikati. Mimi nilichimba mashimo. Hakuniomba, wala hakunizuia.

Itachukua miaka kabla ya mtu kukaa chini yake. Kwa sasa mzani tumeuhamishia kitaluni, kwenye mparachichi, na siku ya kliniki tunavuka barabara na makaratasi yetu. Mama Nadine huwatandikia akina mama magunia. Mimi huniacha nisimame.