Jina Lisiloitwa Makaburini

Kila mwaka kabla ya kupanda mahindi, ukoo wa Bibi Mashavu hukutana makaburini, Kabuku, kumwaga maji ya unga na kuwaita wazee kwa majina. Mhina huitwa wa kwanza. Mdogo wake, Semboja, haitwi kabisa. Katika vita vya Mjerumani na Mwingereza aliwapelekea Waingereza habari za visima vilivyofichwa porini, na Wajerumani wakamnyonga.

Mwaka huu mvua ziligoma, na Mustapha, mjukuu wa bibi, akaichoka miiko hiyo.

"Bibi, tumwite na Semboja. Upelelezi wake unamdhuru nani leo?"

"Koma."

"Kwani Wajerumani walimjuaje?"

Bibi Mashavu aliwatazama wajukuu waliochuchumaa mbele yake, wote uzao wa Mhina. Alikuwa amechoka kuwafunikia marehemu uozo wao.

"Mhina ndiye aliyekwenda bomani kumtaja, akapewa shamba hili mnalolima," alisema. "Mzimu ukiitwa huja, Mustapha. Semboja akija, atakuta anakaribishwa na watoto wa aliyemuuza."

Bibi akainua kata, akamwaga maji, akaita kama ilivyo ada:

"Mhina."