Betri Ililala Wapi?

Mwaka 2000 Kisangani ilikuwa na majeshi mawili ya kigeni na fundi mmoja tu aliyejua kusoma namba za hitilafu za gari. Fundi huyo ni mimi, Bavon wa Tshopo, na sikumwacha mtu asahau hilo.

Asubuhi moja Kaswera, muuza vitenge kutoka Butembo, alinijia na gari lake. Dereva wake, Faustin, alisimama nyuma yake. Mabunda sita ya vitenge yalikuwa yameibwa garini jana yake, sokoni, mchana kweupe.

"Papa Bavon, angalia hii gari," alisema Kaswera. "Faustin anasema eti milango inajifunguaka yenyewe. Kama iko na panne, kama imeharibika, nitamuachilia. Kama haiko, bon, basoda watamubeba."

"Nilifunga, papa," Faustin aliniambia. "Haki ya Mungu, nilifunga."

Chini ya dashibodi kuna kisanduku kinachotawala kufuli, taa na honi. Kikiona hitilafu, hukumbuka namba yake. Kompyuta sikuwa nayo. Niliunganisha matundu mawili ya plagi kwa kipande cha waya, nikatazama taa ya dashibodi. Ikipepesa kwa vituo, unahesabu namba. Ikipepesa mfululizo, gari ni zima. Ilipepesa mfululizo.

"Haiko na kosa hata moja," nilisema. "Mutu anadanganyaka. Boîtier, hiki kisanduku, haidanganyake."

Kaswera alituma mtu kambini. Wanajeshi wawili walikuja wakamchukua Faustin. Wahenga walisema mdomo huponza kichwa. Hawakusema kichwa cha nani. Nilinawa mikono, nikaanza kukusanya vifaa vyangu.

"Sasa magaribi nani atanitolea batri?" Kaswera alinung'unika.

"Kutoa batri?"

"Kila siku Faustin anaitoaka, tunaiweka chini ya kitanda, basoda wasiibe gari. Asubuhi anairudisha."

Mji mzima ulifanya hivyo. Hata yangu ililala chini ya kitanda changu. Na kisanduku kile kumbukumbu yake ni umeme wa betri. Ukiing'oa, kinasahau kila kitu. Nilijua hayo kuliko mtu yeyote mjini, na sikuuliza.

Nilifunga milango na kuifungua, tena na tena. Mara ya kumi na nne, ufunguo ukiwa mfukoni mwangu, milango yote minne ilijifungua. Nilirudisha waya. Taa ikapepesa mara mbili, ikatulia, ikapepesa mara tatu. Ilikuwa namba ya hitilafu ya kufuli.

Tulikimbia hadi kambini.

"Wale waliokamatwa asubuhi?" alisema mlinzi. "Wamekwisha kwenda, njia ya Bengamisa. Wamebebeshwa risasi."

Faustin hakurudi, nami naona aibu mpaka leo. Sasa kabla sijagusa waya humuuliza kila mteja betri ililala wapi. Wengi hucheka.

Kaswera hangoji nimuulize. Hushuka garini, akasema bila kunitazama, "Imelala ndani ya gari, papa."