Masikio ya Mandazi

Kitendawili, wewe unayenisikiliza! Usinione mzee ukanyamaza, sema tega. Nina nyumba mbili ndefu za ghorofani. Wapangaji wameingia bila hodi, kodi hawalipi, na kila siku wanakula kuta. Umeshindwa? Nipe mji. Haya, mji nimeupokea, ila jibu lingoje kidogo. Nduta wa Kabiro mwenyewe alikaa siku nne kulipata, na kulisema kulimchukua miezi miwili na nusu.

Nduta aliishi Kawangware, pale Kabiro, na mjukuu wake Ciru wa darasa la nne, mtoto wa binti yake Muthoni. Ciru alikuwa na sungura jike, akamwita Mandazi kwa rangi yake na kwa unene wake. Na rafiki wa kufa na kuzikana wa Nduta alikuwa Bakhita, Mnubi wa Makina, kule Kibera. Miaka kumi na minane walikuwa wameuza mitumba soko la Toi, kibanda kwa kibanda, na wateja wakikosekana walitegeana vitendawili. Aliyeshindwa alitoa mji. Mombasa peke yake Nduta alikuwa ameitoa mara nyingi hata aibu ilikwisha.

Bakhita naye alikuwa na sungura mmoja, dume mzee wa kijivu mwenye mguu mmoja mweupe, jina lake Efendi. Alikuwa wa Umar, mwanawe wa pekee. Umar alipofariki kwa ugonjwa wa figo, Efendi alibaki akimngoja mlangoni kila magharibi, mpaka Bakhita akamhamishia ndani. Alikula naye, akamsemesha Kinubi. Waliokuja kuomba mbegu yake aliwafukuza.

"Huyu si mkokoteni wa kukodisha," aliwaambia.

Lakini Nduta alipoomba, hakukataa. "Mlete, Mama Muthoni. Jike ndiye huenda kwa dume, ndio ustaarabu wa sungura. Wakizaa, kamoja kakifanana na Efendi, ni kangu."

Asubuhi ya safari, mwezi wa saba, baridi ikiuma, Ciru akaita kutoka uani. "Shosh, cheki Mandazi! Anatingisha kichwa, halafu anajikuna masikio tu."

Nduta akamshika Mandazi, akachungulia. Ndani ya sikio mlikuwa na ukoko wa kahawia, tabaka juu ya tabaka, kama uji ulioshikana na sufuria. Roho ikamwambia jambo. Akaiambia roho inyamaze. Akapasha maji moto, akaulainisha ule ukoko kwa maji hayo na mafuta ya kupikia, akaubandua kidogo kidogo hadi ngozi ikabaki nyekundu, kisha akapaka mafuta mengine juu.

"Shosh, anaumia!"

"Nyamaza. Bibi harusi hapelekwi na nta masikioni."

Akamtia kikapuni, akavuka Ngong Road, akapita Jamhuri, akafika Makina. Bakhita alimpokea Mandazi kwa mikono miwili, akamgeuza huku na huku.

"Ehe! Tazama masikio yanavyong'aa. Huyu ametoka saluni?"

"Si anakuja kwa Efendi?"

Wakacheka. Shughuli yenyewe ilikwisha kabla chai haijachemka, na Bakhita akasema, "Wanaume!" wakacheka tena. Wakawaacha wachumba wamelala pamoja kizimbani hadi alasiri, ubavu kwa ubavu, sikio kwa sikio.

Siku ya nne ukoko ulirudi maradufu. Nduta na Ciru wakampeleka Mandazi kwa Muia, kijana wa duka la dawa za mifugo. Muia akawasha tochi ya simu, akamulika ndani.

"Cucu, huu ni utitiri. Wadudu wadogo, kwa macho huwaoni. Wanaishi kwa sikio, wanakula ngozi, wakiachwa jeraha linaingia ndani kabisa. Nani alibandua hapa?"

"Ni kucha zake mwenyewe."

"Isibanduliwe tena, inaongeza vidonda. Namdunga sindano leo, umrudishe baada ya wiki mbili nimdunge nyingine. Ukoko utaanguka wenyewe. Nyasi za kizimba zichomwe, mbao mwagia maji yanayochemka, kisha anika juani. Na kuna sungura mwingine amelala naye? Lazima naye adungwe, na mapema."

Ciru akamtazama nyanyake. Nduta akaufinya mkono wake.

"Hakuna," akasema.

Usimwite mwovu. Hebu mwambie wewe, mama aliyemzika mwanawe, kwamba uliusugua ugonjwa ukang'aa ndipo ukampelekea sungura wa marehemu. Nduta alisema atamwambia kesho. Kesho ikasema kesho. Mandazi akapona, manyoya yakalala vizuri, tumbo likaanza kujaa.

Wiki ya tatu Bakhita akapiga simu. "Efendi anatingisha kichwa, mwenzangu. Nimemtia mafuta ya habasoda."

Hapo ndipo pangekuwa mahali pa kusema. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Nduta akasikia mdomo wake ukisema, "Ni baridi hii, Mama Umar. Itapita."

Wiki ya tano simu ikalia tena. Efendi kichwa kimepinda upande, anazunguka mahali pamoja, hata majani ya karoti hayataki. Halafu Bakhita akageukia jingine.

"Mama Muthoni, nikuulize. Siku ile ulipomleta Mandazi, masikio yake yalikuwa mazima?"

"Haloo?" alisema Nduta. "Haloo? Sikusikii."

Na alikuwa akisikia vizuri, hata muadhini wa Makina alimsikia nyuma ya sauti ya Bakhita. Akakata simu. Kisha akakimbia, kwa magoti yake mabovu, akamchukua Muia, wakaenda Kibera bila kupumzika.

Muia alimdunga Efendi sindano, akamnywesha maji kwa bomba dogo, tone kwa tone. Walipotoka nje akamwambia Nduta kwa sauti ya chini, "Utitiri ningeuweza. Lakini jeraha limeoza, limeingia ndani. Wangeniita wiki ya kwanza, ni sindano mbili tu, cucu."

Efendi alikufa siku ya pili, amelala juu ya jaketi la Umar. Wakamzika nyuma ya nyumba, kwenye kile kipande cha mchicha alipozoea kuiba. Nduta alilia kuliko mwenye sungura, hadi Bakhita akamkumbatia, akampapasa mgongo. "Basi, mwenzangu. Basi. Mungu atupe subira." Kila alivyompapasa ndivyo Nduta alivyozidi kulia.

Mandazi alizaa wiki ile ile, watoto watano. Mmoja alitoka wa kijivu, mguu mmoja mweupe. Muia aliwakagua wote, akasema masikio ni safi. Katikati ya mwezi wa tisa, walipokwisha kuacha ziwa, Nduta akamtia yule wa kijivu kikapuni.

"Shosh," Ciru akasema akiwa mlangoni, "utamwambia?"

Nduta akajifunga leso kichwani, akaondoka.

Bakhita alimpakata mtoto wa Efendi. Hakumbusu, hakumwita jina. Kitu cha kwanza alichofanya ni kulikunjua sikio moja kwa kidole gumba, akatazama ndani kwa muda mrefu. Kisha la pili. Chai ikapoa. Kizimba cha Efendi kilikuwa bado pale pembeni, kimesafishwa, kitupu.

"Kitendawili," akasema Bakhita.

Hawakuwa wametegeana tangu msiba. "Tega."

"Nilimtuma mtu kutoka Makina mwezi wa nane. Aliingia Kabiro kwa simu, akabisha, akaambiwa hasikiki. Mpaka leo amesimama nje ya mlango."

Nduta akaangalia chini. Akaona miguu yake ina vumbi la njia nzima.

"Nimeshindwa," akasema polepole. "Nakupa Mombasa."

"Mombasa yako nimekuwa nayo miaka kumi na minane." Bakhita hakuinua sauti. Mkono wake ulikuwa juu ya mgongo wa yule mdogo, haumpapasi, umemfunika tu. "Leo sitaki mji, Mama Muthoni."

Nje watoto walikuwa wakigombania maji bombani. Nduta akangoja wanyamaze, hawakunyamaza.

"Hayakuwa mazima," akasema. "Niliubandua ukoko kwa vidole hivi asubuhi ile, nikayapaka mafuta ili usione. Siku nne baadaye nikaambiwa ni utitiri, nikaambiwa aliyelala naye pia adungwe. Wangu nikamtibu. Wako nikakwambia ni baridi."