Jedwali Lisilojua Mapacha

Hasira ya Theodora ilianzia kwenye pikipiki, njiani kwenda Kwihara, na mpaka anashuka mbele ya kituo cha afya ilikuwa haijapoa. Programu inayotunza kumbukumbu za watoto wa pale aliiandika yeye. Leo ameitwa kwa sababu Kulwa, mtoto wa miaka minne, amelazwa akilia kwa maumivu ya mifupa. Kulwa ana selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Pacha wake, Doto, hana. Lakini jedwali la kompyuta lilisema wote wawili ni wazima, na kwa neno hilo tu Kulwa alinyimwa vidonge vyake vya kila siku kwa wiki tano.

Mama yao, Benedikta, aliwaambia wahudumu kwamba Kulwa ni mgonjwa. Aliwaambia mara mbili, na mara zote mbili akajibiwa kwamba kompyuta haikosei.

Hilari, bosi wa Theodora, alikuwa ametangulia. Ana kampuni ya watu watatu, na kadi zake zimeandikwa Mkurugenzi Mkuu. Alikwishapata wa kumtwisha mzigo: Jenifa, karani wa mapokezi, eti ndiye aliyebonyeza vibaya. Jenifa alikaa nyuma ya meza, macho mekundu, akingoja barua ya kufukuzwa.

Theodora akarudisha "ndiyo" ya selimundu kwenye mstari wa Kulwa, kisha akamwomba Jenifa afanye kama siku ile aliporekebisha taarifa za Doto. Jenifa akashuka mstari wa Doto, akaandika "hapana", akahifadhi. Kwenye kioo mambo yalikuwa sawa kabisa: Kulwa ndiyo, Doto hapana. Theodora akaifunga programu, akaifungua upya. Hapana, hapana.

Akajua palepale, akatamani kujizaba kofi. Mwanzoni kila mtoto alikuwa na namba yake. Hilari akasema namba zinachafua jedwali, ziondolewe, mtoto atambulike kwa jina la mama na tarehe ya kuzaliwa. Theodora alijua haitoshi, akanyamaza, maana bosi ni bosi. Kwa hiyo kila karani aliporekebisha mtoto mmoja, programu ilimtafuta mtoto wa mama yule aliyezaliwa siku ile, na ikikuta wawili, iliwaandika wote sawasawa. Na majaribio aliyafanya nani? Yeye mwenyewe, Mnyamwezi, kwa watoto ishirini wa kubuni. Katika nchi ambayo mapacha huitwa Kulwa na Doto, na ukiita Kulwa sokoni wanageuka watano, kwenye ishirini wake hakuweka pacha hata mmoja.

Hilari akamvuta pembeni. Arudishe hizo namba kimyakimya, alimwambia, kisha asaini taarifa kwamba karani alikosea, kwa sababu mteja akijua ukweli kampuni imekwisha. Waliosema mficha maradhi kifo humuumbua walimwona mtu wa aina yake.

Theodora hakushusha sauti. "Jenifa hajakosea kitu. Nimekosea mimi, na aliyeniagiza ni wewe."

Benedikta alikuwa amesimama mlangoni mwa wodi na alisikia yote. Hakupiga kelele. Alimtazama Theodora, akauliza, "Ni wanangu tu?"

Swali hilo Theodora hakuwa amejiuliza, na aibu yake ilizidi hasira. Akarudi kwenye kompyuta, akatafuta watoto wote wenye mama mmoja na tarehe moja. Jozi kumi na moja. Kila jozi ilikuwa na majibu yanayofanana neno kwa neno, na kuzirudisha namba kusingesaidia, kwa sababu jibu jipya lilikwishalifuta la zamani. Karatasi za maabara nazo zilichomwa mwezi ambao Hilari aliwatangazia kwamba zama za makaratasi zimepita. Waliobaki wanajua ukweli walikuwa akina mama, walewale walioambiwa kompyuta haikosei.

Hilari akasema suala hilo likae mpaka Jumatatu. Muuguzi alikuwa tayari amempa Kulwa dawa, na Benedikta alikuwa amerudi kitandani kwa mwanawe. Theodora akachukua simu ya mapokezi na kupiga namba ya kwanza, ya mwanamke aitwaye Tatu, wa Usoke. Akamsalimia, akajitambulisha, akamuuliza kama kati ya mapacha wake kuna mwenye selimundu, na ni yupi.

"Kompyuta yenu inasema yupi?" Tatu akauliza.

"Inasema hakuna."

"Basi unaniuliza nini?"

"Nakuuliza kwa sababu imekosea, dada. Niliitengeneza mimi, na niliitengeneza vibaya."

Upande wa pili mtoto alisikika akilia karibu sana na simu.

"Ni Doto wangu," Tatu akasema. "Yuko hapa mgongoni, leo siku ya tatu anaungua homa. Nije, au ningoje kompyuta ikubali kwanza?"